Shahidi wa Japani Nyumbani kwa Shangazi

Nikienda msibani huwa natazama kuta kwanza. Watu wanaijua tabia yangu hii na wapo wanaonisema, lakini mimi nimeshazeeka, wacha waseme. Masatu alipofariki mwaka huu, fundi wa injini za boti ambaye nusu ya Musoma ilimjua kwa mikono yake myeusi na ubishi wake, nilifika nyumbani kwake Mwisenge nikampa pole mjane, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, na macho yangu yakaanza kazi yao. Nyumba ilishapigwa plasta na rangi ya maziwa. Lakini waliponituma stoo nikachukue sufuria kubwa, nyuma ya magunia ya mkaa nikakuta kipande cha ukuta wa zamani ambacho fundi rangi alikionea uvivu, na hapo palikuwa na goti. Goti la mwanamke aliyevaa suruali ya ngozi, tairi la pikipiki, na herufi tatu nyekundu za Kijapani zilizosimama wima. Nikaweka sufuria chini. Bango lile nilimwomba Masatu mwaka mzima, naye mwaka mzima akaniapia kwamba lilipotea. Mwongo mkubwa yule, Mungu amrehemu. Nilicheka peke yangu mle stoo mpaka mkwe wake akaja kuchungulia, akadhani nalia, akanishika bega.

Mwaka ninaousema ni ule ambao ruksa ilianza kuonekana madukani. Waliozaliwa juzi hawawezi kuelewa tulikotoka. Sabuni tulikuwa tunaikata kwa uzi ili kila mtu apate kipande, na sukari ukibahatika kuipata ulifungiwa kwenye karatasi ya mtihani wa mtoto wa watu, unafika nyumbani unasoma kwamba amekosa swali la mvua za vuli. Karatasi ilikuwa mali. Halafu watu wakaruhusiwa kuagiza vitu wenyewe, na bwana mmoja mwenye banda karibu na mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, akaanza kuleta injini kuukuu na spea kutoka Japani, maana sangara walikuwa wameanza kutafutwa na kila mwenye mtumbwi alitaka injini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Kazi yangu ilikuwa kufungua makasha, kupanga spea rafuni, na kuandika majina yake kwenye vipande vya kadibodi. Kila spea ilikuja imezungushiwa karatasi isigongane na nyenzake. Makasha ya kwanza yalikuwa na magazeti yao. Yaliyofuata yalikuwa na mabango ya sinema, makubwa kama ngozi ya mbuzi, mapya kabisa, yamekunjwa mara nne, hayajawahi kuona ukuta.

Na picha zenyewe, jamani! Wanawake wenye visu virefu wamesimama kwenye mvua. Wanawake wamechorwa nyoka mgongo mzima. Pweza mkubwa kuliko kanisa anakumbatia mnara. Wasichana wa gereza wamepanga mstari, wa mwisho anacheka. Wengine, niseme tu ukweli, hawakuwa na nguo za kutosha. Masatu, fundi wa banda lile, alikuwa anayakunjua juu ya benchi lake la kazi, anatikisa kichwa, anasema, "Hawa watu wana injini nzuri na matatizo makubwa." Mwanzoni sikuyajali hata kidogo. Wateja waliomba karatasi tukawapa, wake zao wakaenda kubandika ukutani kwa uji wa muhogo ili udongo usiwaangukie vitandani, na watoto wakafunikia madaftari. Nyumba za Bunda mpaka Murangi zilijaa wanawake wa Kijapani wenye visu, na hakuna aliyeuliza ni akina nani.

Bango lililonibadilisha maisha, hilo nililigawa kwa ujinga wangu mwenyewe. Shangazi Yustina alikuja kutoka Murangi kung'oa jino, akalala kwenye chumba changu cha kupanga pale Mwisenge. Siku hiyo nilikuwa nimeunguza maharage yake, na shangazi ni mtu ambaye ukiunguza maharage utasikia habari zake mpaka Pasaka. Kumbe chini ya godoro nilikuwa nimelaza mabango kadhaa kupunguza baridi ya sakafu. Akainua godoro kutafuta kiatu, akatoka nalo moja mkononi. Mwanamke kijana amevaa joho jeupe lililolowa, mikono imenyooshwa na kufungwa kamba kwenye mti, nywele zimemgandia shavuni, uzi wa damu mdomoni, nyuma yake moto. Joho limemteleza bega moja. Anakutazama wewe, moja kwa moja. Shangazi akapiga ishara ya msalaba. "Mashahidi wa Japani," akasema kwa sauti ya chini, na shavu lake limevimba. "Katekista alitufundishaga. Waliwasulubisha kama Bwana. Pere, mwanangu, huyu ni mmoja wao?" Mimi nikatazama sufuria yangu iliyoungua. Nikasema, "Ndiyo, shangazi. Chukua tu." Maharage yakasahaulika papo hapo.

Kule Murangi picha ya Bikira Maria ya jumuiya yao, ile inayozunguka nyumba hadi nyumba, ilikuwa imeliwa na mchwa. Jumuiya nzima ilikuwa inasali mbele ya msumari. Kwa hiyo mgeni wangu akapokelewa kwa shangwe. Shangazi alikata kipande cha lesi kutoka kwenye shela yake ya harusi akakigundisha kwenye lile bega, akambandika shahidi juu ya ubao, na akaanza kuzunguka naye, juma hili kwa huyu, juma lijalo kwa yule, mishumaa na rozari na nyimbo. Padri alipita kule mara moja kwa miezi kadhaa na kwa bahati nzuri alikuwa na miwani mibovu. Habari hizi zilinifikia kwa vipande, na mimi nilicheka tu.

Kuyapenda mabango kulianza kwa wivu. Siku moja nilikuwa naandika "pistoni" kwenye kadibodi, na neno lenyewe limelala upande kama mlevi anarudi kwake. Pembeni ya mkono wangu palikuwa na bango, na zile herufi zao nyekundu zilikuwa zimesimama. Sikuelewa hata moja, lakini nilielewa kwamba aliyeziandika aliijua kila nukta inakokwenda kabla hajagusa brashi. Nikafuatisha moja kwa mkaa. Nikafuatisha tena. Jioni ile niliandika "pistoni" yangu upya, na Masatu akaja akaisoma akasema, "Hii sasa mteja ataiamini." Leo nimeandika vibao vya maduka, vya zahanati, vya baa na vya makanisa kote Mara, na kila ninapoanza herufi ya kwanza bado nafikiria uzito wake kwanza, mguu wake utakaa wapi. Shule niliyosomea ndiyo ile, ndani ya banda linalonuka petroli.

Basi nikaanza kuyatafuta yale tuliyoyagawa. Jumapili nilikuwa napanda malori ya samaki na bomba la plastiki begani la kuhifadhia, na furushi la magazeti ya zamani. Sikuwa mwizi, nilikuwa nabadilisha: wewe nipe mwanamke wako, mimi nakuzibia ukuta kwa magazeti mapya na uji napika mwenyewe. Kubandua ni kazi ya subira. Unalowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, unakandamiza ukutani kama unayemkanda mtu mguu, unangoja, unaanzia pembeni, na ukiharakisha tu unabaki na kichwa bila mwili. Butiama nilimkuta mzee mmoja aliyewabandika wawili sebuleni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima, matiti yao yote manne aliyafunika kwa stempu za posta. Nilishinda pale kutwa nzima nabandua stempu kwa ulimi wa kijiko huku mzee ananisimamia. "Taratibu, binti," alikuwa ananiambia, "hao nimekaa nao vizuri." Aliponipa alinipa na viazi.

Mtu wa kwanza kunieleza ninachokusanya alikuwa Mjapani mwenyewe. Mwalimu Nishida alikuwa anafundisha hesabu kwa kujitolea kwenye shule moja Bunda, kijana mwembamba, Kiswahili chake kimenyooka kama cha kitabu. Alikuja kutafuta plagi ya pikipiki, akainua macho, akakuta ukutani kwangu mabango tisa. Akawa mwekundu mpaka shingoni. "Dada Perpetua," akasema, "hizi ni sinema za aibu. Watu wazuri hawaendi kuziona. Wanaenda, lakini hawasemi." Kisha akasogea karibu, na nikaona kwamba aibu imemtoka na kitu kingine kimeingia. Alinieleza kwamba makampuni yaliyozitengeneza yalikuwa madogo na maskini, yalipiga picha sinema nzima kwa siku chache, na mabango, yaliyotumika na yaliyobaki, yalitupwa, ndiyo maana sasa kwao watu wanayatafuta kama dawa. Kaka yake alikuwa mmoja wao. Alikaa akanisomea majina, akanionyesha alama ndogo pembeni ya karatasi inayotofautisha chapa ya kwanza na ya pili, na tukala mihogo ya kuchemsha kwenye benchi la Masatu. Nikamsimulia na yule wa Murangi, joho, kamba, moto. Akaacha kutafuna.

Sinema ile, alisema, iliondolewa baada ya siku chache tu kwa sababu ya ukatili wake, na mabango yaliamriwa kuchomwa. Kaka yake alikuwa hajawahi kuliona, aliwahi kulisikia tu. Siku iliyofuata alirudi na sanduku la mbao akalifungua mbele yangu. Brashi kumi na mbili za kuandikia, za manyoya halisi, kuanzia nyembamba kama sindano, na mikebe ya rangi iliyofungwa kwa nta. Musoma nzima wakati huo ulikuwa hupati rangi ila iliyochanganywa na mafuta ya taa, na mimi nilikuwa naandikia kijiti kilichotafunwa. Nilizigusa zile brashi kwa ncha ya kidole. Alisema anamaliza mkataba wake, anaondoka Jumatatu ya wiki ya pili kutoka pale. Nikimletea shahidi kabla ya hapo, sanduku ni langu. Sitadanganya kwamba niliwaza mara mbili. Ningeweza kumnyang'anya malaika.

Jumamosi nikafika Murangi na bomba langu. Nilikuwa nimepanga kila neno: nitamwambia shangazi ukweli, kwamba huyu si shahidi, ni mchezaji wa sinema chafu, na kabla padri hajapata miwani mipya afadhali niondoke naye. Nilikuwa na uhakika atanipa na kunifukuza. Lakini shangazi alikuwa kisimani, na nyuma ya nyumba nilimkuta binti yake, Veronika, anaparua sato. Nilidhani bado yuko kwa mumewe upande wa Butiama, alikoolewa miaka mitatu kabla. Amekonda. Zamu ya picha ilikuwa kwao wiki ile, na alikuwa ameketi pale ambapo kupitia mlango wazi alimwona shahidi ukutani, lesi begani, mshumaa chini.

Nikachukua kisu nikakaa kumsaidia. Magamba yalikuwa yanarukia gauni lake la mikono mirefu, na mikono yenyewe imelowa maji ya samaki mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia, "Dada Vero, kunja mikono hiyo, utanuka wiki nzima." Akanitazama kidogo, kama anayepima, kisha akakunja. Kwenye vifundo vyote viwili ngozi ilikuwa imeliwa duara, imepona vibaya, inang'aa. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ile ni kamba. Kisu kikanishinda.

"Baba hajaona," alisema. "Mama ameona. Si kesho, Jumapili ijayo wanakuja kunichukua, wazee wao na msemaji wao. Ng'ombe waliotolewa kwangu ndio kaka aliowatumia kuoa, na baba anaonaga aibu kurudisha. Nikisema kwa mdomo watasema namsingizia mume. Kwa hiyo sitasema. Nitasimama pale chini yake, nitakunja mikono hivi. Wanawake wa jumuiya wamekubali picha ibaki kwetu mpaka siku hiyo, na wao kuwepo wote."

Nikaona hasira yangu na tamaa yangu vinagombana, na tamaa ikatangulia, nakiri. Nikamwambia kila kitu. Kwamba yule si mtakatifu, ni sinema ya aibu, na mimi ndiye niliyedanganya kwa sababu ya maharage. Nikamwambia na habari za sanduku la Bunda. Veronika aliendelea kuparua. "Nilijua," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Watakatifu hawapakagi wanja." Akageuza samaki upande wa pili. "Lakini kamba ile ni ya kweli, Pere. Na angalia macho. Mimi nilipofungwa nilitazama chini. Siku zote nilitazama chini. Nimemtazama huyu wiki nzima najifunza. Niachie mpaka Jumapili, halafu umchukue."

Jumapili ndiyo ilikuwa siku moja kabla ya Jumatatu ya Nishida, na kutoka Murangi kwenda Bunda kwa malori yale hukuwa na uhakika wa chochote. Nilisema sawa. Sikusema kwa moyo mweupe. Wiki ile nilimgombeza Masatu kwa kila kitu, na nilipomweleza sababu, alifuta mikono yake akasema, "Brashi zinatengenezwaga, bibie. Mbuzi wamejaa mjini." Nilitaka kumtupia spana. Ila ndivyo ilivyokuja kuwa: za kwanza kabisa nilizofanyia kazi zilikuwa za manyoya ya mbuzi, na Masatu ndiye aliyezifunga kwa waya.

Jumapili nilirudi na bomba langu, bado nikijidanganya kwamba nitawahi. Sebule ilikuwa imejaa. Wazee wa upande wa mume walikuwa wanne kwenye viti, mume mwenyewe karibu na mlango anatazama viatu vyake. Mzee Malima, baba yake Veronika, alikaa peke yake amejikunyata, mtu mpole ambaye ukimya wake ulikuwa umewaumiza wengi. Wanawake wa jumuiya walijaa chini mpaka uani, wameshika rozari. Msemaji wao alikuwa na ulimi mtamu. Alisema ndoa ni subira. Alisema mke akikosea huadabishwa, na akiadabishwa hutulia. Alisema hata watakatifu walitii, na hapo akanyoosha fimbo ukutani. "Huyu mnayemsalia, kwanza ni nani? Nimesikia aliletwa na binti wa mjini. Yuko wapi atuambie. Ni mtakatifu gani asiye na jina?"

Wote wakanigeukia. Shangazi alinitazama kwa imani yake yote, na Veronika, aliyekuwa amesimama chini ya picha kama alivyoahidi, hakunitazama kabisa. Nilijua nikisema sinema, yule mzee atacheka, chumba kizima kitaona haya, na dada yangu atatoka na wale watu jioni ile. Na kudanganya mara ya pili mbele ya shangazi sikuweza. Nikasimama. Nikasema, "Jina lake silijui, mzee. Ninachojua ni kwamba ni mwanamke aliyefungwa kamba na watu waliomzidi nguvu. Na hajatazama chini."

Veronika akakunja mikono ya gauni, mmoja, halafu wa pili, akaiinua mpaka usawa wa mabega yake. Alimtazama baba yake machoni. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akianza Salamu Maria na kuishia katikati. Mzee Malima aliinuka polepole, akaenda mpaka ukutani. Picha ile kwake ilikuwa mambo ya wanawake, hakuwahi kuitazama. Akatazama kamba iliyochorwa, akashika kifundo cha mwanawe akakigeuza kwenye mwanga, akatazama tena kamba. Halafu akamgeukia msemaji, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kabla. "Ng'ombe wenu mtawapata. Nikikosa nitauza mtumbwi. Sasa tokeni nyumbani kwangu."

Msemaji alijaribu kuongea, na wanawake wakaanza kuimba, si kwa nguvu, kwa kumfunika tu. Mume alitangulia kutoka. Walipokwisha kupotea barabarani, shangazi alikaa chini pale pale alipokuwa, akalia kwa sauti, na Mzee Malima akaenda kusimama nyuma ya zizi peke yake mpaka alipoitwa kula. Tulikula sote uani, sato kwa ugali wa muhogo, watu wanapokezana bakuli la kunawia na kuongea wote kwa pamoja. Veronika alikula na mikono ya gauni imekunjwa, mchuzi unamtiririka mpaka kwenye yale makovu, hajali. Alipomaliza akauliza kama ugali umebaki. Baba yake akainuka kwenda kumletea mwenyewe, jambo ambalo katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuliona, na wanawake wakajifanya hawalioni.

Lori la samaki lilinipitia jua likiwa bado liko juu. Nilipanda mbele na dereva, jirani yangu wa Mwisenge, nikawa namsimulia, na yeye ananikatiza kila mara kuuliza, "Alisema hivyo? Malima yule mpole?" Tulikuwa tumekaribia Nyegina nilipoliinua bomba kulihamishia goti jingine, likainuka jepesi. Shahidi nilimwacha ukutani kwa shangazi. Dereva aliniona nimelikodolea macho bomba, akapunguza mwendo, akauliza kama nimesahau kitu, turudi. Nikamwambia hapana, twende.